Amana ya Mafigo: Nasaha kwa Mzee Mwenye Maradhi ya Sukari katika Kufunga na Kufungua

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu akampa mwili kuwa amana, na akampa akili ya kuichunga amana hiyo. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad. Waraka huu mdogo umeandikwa kwa ajili ya jambo moja. Katika miji ya pwani, kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, huonekana wazee wenye maradhi ya sukari na presha, ambao mafigo yao yamekwisha kudhoofu, wakiazimia kufunga mwezi mzima juu ya kukatazwa na tabibu. Huyu husema, "Nimefunga tangu sijabaleghe, nitaachaje leo nilipokaribia kaburi?" Na yule husema, "Bora nife hali nimefunga." Wanaosikia husema kuwa hiyo ndiyo imani, na watoto hunyamaza kwa kumstahi baba yao. Makusudio ya waraka huu ni kubainisha kwamba maneno hayo, japokuwa hutoka katika moyo unaoipenda dini, siyo yanayotakwa na dini. Ibada ya mgonjwa wa namna hii ni kuuliza, na kupima, na kuipokea ruhusa aliyopewa na Mola wake.

1. MWILI SI MALI YA MWENYEWE

Imepokewa khabari ya Salman na Abu Dardai, Radhi za Mwenyezi Mungu ziwafikie, waliounganishwa udugu na Mtume (S.A.W.). Salman alipomzuru nduguye alimkuta ameshika kufunga mchana na kusimama usiku, hata nafsi yake na watu wa nyumba yake wamesahauliwa. Akamlazimisha kula naye, na usiku akamlazimisha kulala, mpaka ulipobakia mwisho wa usiku wakainuka wote wawili wakasali. Kisha akamfahamisha ya kuwa Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipofika kwa Mtume, alimsadikisha Salman. Haya yalikuwa kwa mtu mwenye siha. Je, itakuwaje kwa mzee ambaye mwili wake wenyewe unamlalamikia?

Na imepokewa kwamba mabedui walimwendea Mtume wakamuuliza kama wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja, nayo ni uzee. Wako watu hulishika neno hili la mwisho kwa upande usio wake. Mzee akivimba miguu husema, "Ni uzee." Akiamka usiku mara nne kwenda haja ndogo husema, "Ni uzee." Akichoka kabla ya kufika msikitini husema, "Uzee hauna dawa, ndivyo alivyosema Mtume." Walakini uzee ni kitu kimoja, na maradhi yaliyomo ndani ya mwili wa mzee ni kitu kingine. Nyumba kukaa miaka mingi si kosa la mtu. Paa kuvuja, na mwenyewe yumo ndani anatazama, hilo ni kosa.

2. KAZI YA MAFIGO

Mwenyezi Mungu amemjaalia mwanaadamu mafigo mawili, moja kulia na moja kushoto, chini ya mbavu upande wa mgongoni, kila moja kadiri ya ngumi. Umbo lake ni dogo na kazi yake ni kubwa. Katika damu yote inayosukumwa na moyo, sehemu kama moja katika tano huelekea huko. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho, idadi yake kama milioni moja. Kwa mchana na usiku mmoja vichujio hivyo huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini, ikabakia lita moja au mbili iliyobeba taka, na chumvi iliyozidi, na masalio ya dawa. Huo ndio mkojo. Juu ya hayo, mafigo husaidia kuiweka presha ya damu sawa, na huyapelekea mafupa amri ya kutengeneza damu mpya.

Mfano wake ni kifumbu cha kuchujia tui. Kifumbu kizima hupitisha kinachotakiwa kupita, na hukizuia kinachotakiwa kubaki. Kikiziba, tui halipiti. Kikitoboka, machicha hupita. Na figo ni kama hivyo. Likidhoofu, taka hubaki ndani ya damu. Na likitoboka, protini ambayo mwili unaihitaji hutoka pamoja na mkojo, na mkojo ukaonekana una povu lisiloisha upesi.

Elimu hii si ngeni katika Uislamu. Al-Razi aliandika kitabu juu ya mawe ya mafigo na kibofu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitaja utamu katika mkojo wa mwenye maradhi ya sukari. Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliyaandikia maradhi hayo risala peke yake. Baadaye, mwaka 1827 huko London, tabibu Richard Bright alionyesha kwamba uvimbe wa mwili, na mkojo unaoganda kama ute wa yai unapopashwa moto, na mafigo yaliyoharibika, ni mambo yanayofungamana. Mwaka 1922 huko Toronto mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini, na maelfu waliokuwa wakifa kwa sukari wakaanza kuishi. Na walipoishi muda mrefu ndipo madhara ya pole pole yakadhihiri: mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu ambayo sukari huyaacha ndani ya vichujio vya mafigo.

3. MARADHI YASIYO NA SAUTI

Tangu umri wa miaka 40 hivi, nguvu ya kuchuja hupungua kwa watu wengi kidogo kidogo, kadiri ya mililita moja kwa dakika katika kila mwaka. Hayo ni ya umri, na mtu huweza kuishi nayo mpaka ajali yake. Lakini sukari na presha zikiingia huharakisha. Sukari ikizidi katika damu, mwanzo wake mafigo huchuja kupita kiasi, mfano wa punda anayetwikwa mzigo wa punda wawili naye bado anakimbia. Mwenye punda hufurahi. Kisha punda huanguka siku moja, na mwenyewe husema hakuona dalili.

Matabibu hulipima jambo hili kwa hesabu. Kijana mwenye siha huchuja mililita 90 au zaidi kwa dakika. Kipimo kikishuka chini ya 60 kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu, huitwa maradhi ya mafigo ya kudumu. Na kikishuka chini ya 15, huitwa kushindwa kwa mafigo. Baina ya 60 na 15 iko safari ndefu ya miaka, na katika sehemu kubwa ya safari hiyo mtu hasikii uchungu wowote. Hula, husali, huenda sokoni, huozesha watoto. Dalili zikidhihiri, nazo ni kuvimba nyayo na kope, kuchoka, kuwashwa mwili, kichefuchefu, aghalabu sehemu kubwa ya amana imekwisha potea.

Kwa hivyo asingoje uchungu. Mwenye maradhi ya sukari yampasa apimwe mambo matatu walau mara moja kila mwaka: presha yake, na damu yake kwa kitu kiitwacho kreatinini ambacho kwacho nguvu ya kuchuja hukadiriwa, na mkojo wake kwa protini iitwayo albumini. Na mzee aliyekonda misuli aelewe kwamba kreatinini hutoka katika misuli. Basi kwake yeye kipimo cha damu chaweza kuonekana kizuri na mafigo yakawa si mazuri. Ndiyo sababu kipimo cha mkojo kisiachwe. Na mzee anayekojoa kwa kukatika katika, au kwa kujikamua, asione haya kumwambia tabibu, maana tezi dume ikiziba njia ya mkojo huyarudishia mafigo maji, ikayaharibu nayo.

Na asikate tamaa aliyeambiwa kuwa mafigo yake yameanza kudhoofu. Kushusha presha, ambayo matabibu wengi huitaka iwe chini ya 130 kwa 80, na kuitengeneza sukari, na kuacha tumbaku, huchelewesha safari ile. Ziko dawa za presha zinazoyalinda mafigo yanayovuja protini. Na tangu mwaka 2019 zimetangazwa tafiti kubwa zilizoonyesha kuwa dawa mpya za sukari, kama kanaglifozini na dapaglifozini, huchelewesha kuharibika kwa mafigo. Mwenyezi Mungu ndiye aponyaye, na dawa ni katika sababu zake.

4. MFANO WA MZEE WA SAFU YA KWANZA

Na upigwe mfano. Nao ni mfano tu, haukukusudiwa mtu maalumu. Mzee wa miaka 68 hakosi safu ya kwanza katika msikiti wa mtaa wake. Sukari amekuwa nayo miaka 12. Magoti humuuma kwa kurukuu na kusujudu, basi kila siku hununua dukani vidonge vya maumivu. Viatu humbana, husema fundi siku hizi hajui kushona. Kabla ya Ramadhani tabibu alimpima akamwambia asifunge, kwani mafigo yake yamedhoofu. Mzee akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Akafunga. Siku ya kumi akaona jambo la ajabu: sukari yake, ambayo kwa miaka ilikuwa juu, imeshuka. Barazani akawaambia wenzake, "Tazameni, saumu imeniponya." Wenzake wakamshukuru Mwenyezi Mungu pamoja naye. Wala hawakujua, masikini, kwamba walikuwa wakiishukuru khatari. Kwani mafigo ndiyo yanayosaidia kuiondoa insulini katika damu, na ndiyo yanayotoa masalio ya vidonge vingi vya sukari. Mafigo yakidhoofu, dawa ya jana huikuta ya leo, na ya leo huingojea ya kesho, na sukari ikashuka kwa sababu hakuna wa kuitoa dawa. Mtu hudhani amepona, na kumbe mlinzi wa mlango amekufa.

Siku ya kumi na saba, baada ya sala ya Alasiri, mzee hakuweza kusimama. Jasho lilimtoka, ulimi ukawa mzito, mikono ikamtetemeka, akamwita mwanawe kwa jina la nduguye aliyekwisha kufa. Alikuwa bado aweza kumeza. Mwanawe alikoroga sukari katika bilauri ya maji akamkaribishia kinywani. Watu wazima waliokuwapo wakamshika mkono. "Mwache," wakasema, "baba yako amefunga. Zimebaki saa mbili tu, usimharibie saumu yake." Kijana akawatazama nyuso zao, wote ni wakubwa wake, akaiweka bilauri chini.

Alipelekwa hospitali baada ya adhana ya Magharibi. Uhai ulikuwamo, lakini alipopimwa, mafigo yalikuwa na nguvu ya 9 tu. Kiu ya saumu, na vidonge vya magoti, na miaka ya kutopima, vilikutana juu yake kwa pamoja. Tangu siku hiyo anapelekwa kwenye mtambo wa kusafisha damu mara tatu kila juma, saa nne kila mara. Shamba la minazi limeuzwa. Binti wa mwisho hakwenda chuoni.

Basi mwenye akili na aulize: katika mfano huu ni nani aliyemtii Mwenyezi Mungu? Jawabu ni kwamba mkono uliokuwa katika utiifu ni ule uliokamata bilauri, nao ndio uliozuiwa.

5. RUHUSA NI ZAWADI YA MOLA

Jambo hili lina asili katika zama za Mtume mwenyewe. Imepokewa kwa Jabir kwamba watu walikuwa safarini, na mmoja wao alipigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani. Kisha akaota akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei ruhusa maadamu aweza kupata maji. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopewa khabari alikasirika, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akabainisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Na atazamwe: watu wale hawakumchukia ndugu yao, wala hawakuidharau dini. Waliipenda dini, ila walifutu bila ya elimu. Na kosa lao halikuitwa uchaji, liliitwa kuua.

Na Amru bin Al-As, katika vita vya Dhatus-Salasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akakhofu kuwa akioga atakufa, akatayamamu akawasalisha wenzake. Alipoulizwa na Mtume, alitaja makatazo ya Mwenyezi Mungu ya mtu kujiua nafsi yake. Mtume alicheka wala hakumlaumu. Hadithi ya kwanza na hii ya pili ni mizani miwili: aliyekataziwa ruhusa akafa, na aliyeishika ruhusa akaishi, na radhi za Mtume zilikuwa wapi, kila mtu aona.

Na katika Sura ya Al-Baqara, pale pale ilipofaradhishwa saumu, mgonjwa ametajwa kwa ruhusa yake, na imebainishwa kuwa Mwenyezi Mungu huwatakia waja wake wepesi wala hawatakii uzito. Ruhusa haikuja baada ya miaka, haikuletwa na matabibu wa zama hizi. Imeshuka pamoja na faradhi yenyewe. Anayeipokea faradhi na kuikataa ruhusa amepokea nusu ya aliyopewa.

Wanavyuoni wa zama hizi wameyatazama maradhi haya kwa makhususi yake. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la mataifa, lilipokutana Sharjah mwaka 2009, liliwagawanya wenye maradhi ya sukari katika makundi manne, kwa kadiri ya khatari inayokhofiwa na matabibu. Makundi mawili ya juu, yale ambayo madhara makubwa kwao ni yakini au yana dhana yenye nguvu, baraza liliamua kuwa yawapasa kufungua wala haiwafai kufunga. Na matabibu huwahesabu katika watu wa khatari kubwa wale ambao mafigo yao yamedhoofu sana, na wanaosafishwa damu kwa mtambo, na wazee waliopata kuanguka kwa sukari kushuka. Tena uchunguzi uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13, kwa watu 12,243 wenye maradhi haya, ulionyesha kuwa katika wenye sukari ya aina iliyo ya wengi, kushuka kwa sukari kwa kiasi cha khatari kuliongezeka katika Ramadhani mara saba na nusu. Basi anayesema "Kufunga hakujamdhuru mtu" hakusema kweli.

Walakini mlango wa ruhusa si mlango wa uvivu. Makundi mawili ya chini, ambao sukari yao imetengenea na mafigo yao ni mazima, hao ni wenye kufunga, kwa kuongozwa na tabibu katika kubadili nyakati za dawa. Anayetofautisha baina ya huyu na yule ni kipimo na tabibu mjuzi mwaminifu. Baraza la mtaani halina elimu hiyo.

6. MEZA YA FUTARI

Mtume (S.A.W.) aliwafundisha watu kwamba tumbo ligawanywe: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Na huja magharibi ya Ramadhani, mbele ya mzee mwenye sukari pakawekwa tende sahani nzima, kaimati zilizoroweshwa shira, mihogo ya nazi, uji mtamu, chai yenye vijiko vinne, na halua ya mgeni. Akala kama anayelipiza kisasi. Mchana sukari ilishuka, usiku ikapanda, na mafigo ndiyo yanayolipa gharama ya safari zote mbili. Tende moja au tatu zimetosha Sunna kwa mwenye maradhi haya.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa pwani khasa walijue. Dafu ni kinywaji chema, na tende ni tunda lenye baraka, lakini vyote viwili vina madini yaitwayo potasiamu kwa wingi. Mafigo mazima huyatoa yaliyozidi. Mafigo yaliyoshindwa huyaacha katika damu, na yakizidi huweza kuusimamisha moyo kwa ghafula. Kwa hivyo mzee ambaye mafigo yake yamedhoofu sana asinywe madafu mpaka amuulize tabibu wake kiasi kinachomfaa, japokuwa wenziwe hunywa na wakaburudika. Kadhalika maji ya birimbi yaliyokamuliwa, ambayo wako wanaoyanywa kuwa ni dawa: huko Kerala katika India matabibu wameeleza wagonjwa ambao mafigo yao yalidhurika ghafula kwa kuyanywa kwa wingi, kwa sababu ya asidi iliyomo. Birimbi moja mbili za achari si sawa na bilauri iliyojaa.

Chumvi, Shirika la Afya Duniani limeshauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, nayo ni kadiri ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na ng'onda na achari. Na vidonge vya maumivu vya namna ya ibuprofeni na diklofenaki visinunuliwe dukani kama pipi na mwenye sukari au mafigo dhaifu. Humpunguzia figo damu yake, na madhara huzidi mtu anapokuwa na kiu. Na mzee hupungukiwa na hisia ya kiu. Mwili wake waweza kukauka naye hajui.

7. MASUALA

Suali: Mwenye kufunga akijitoboa kidole kupima sukari, je, saumu yake yabatilika?
Jawabu: Haibatiliki. Baraza la Fiqhi lililotajwa, katika mkutano wa Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kutoa damu ya kupima hakufunguzi, wala sindano ya dawa isiyokuwa ya chakula. Basi asiyejipima kwa kukhofia saumu amekhofu pasipo khofu.

Suali: Sukari ikifika kiasi gani afungue hapo hapo?
Jawabu: Ikishuka chini ya 70, yaani 3.9 kwa vipimo vya hesabu nyingine, au ikipanda juu ya 300, yaani 16.6, afungue asingoje. Na akitetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa, afungue japokuwa hana kipimo. Akiwa aweza kumeza apewe maji ya sukari. Akiwa hawezi asitiwe kitu kinywani, bali akimbizwe hospitali.

Suali: Aliyefungua kwa maradhi yasiyotumainiwa kupona alipe nini?
Jawabu: Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, hutoa fidya ya kibaba kimoja kwa kila siku, katika chakula kinacholiwa zaidi mjini, apewe masikini au fakiri. Ama anayetumai kupona, huyo hulipa siku zake baadaye. Na mzee asione fidya ni kitu duni. Kibaba kilichotolewa kwa amri ya Mwenyezi Mungu ni ibada, na masikini aliyeshiba hujua thamani yake.

Suali: Mafigo yakishindwa kabisa, je, ni mwisho?
Jawabu: Si mwisho. Mtambo wa kusafisha damu, uliotengenezwa mara ya kwanza na tabibu Willem Kolff katika Uholanzi mwaka 1943, umewabakisha wengi hai. Na figo la mtu hai huweza kupandikizwa kwa mwingine. Baraza la Fiqhi liliijuzisha tiba hiyo kwa masharti yake mwaka 1988, na katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2017. Lakini gharama ni nzito, na kipimo cha mkojo cha mapema ni rahisi kuliko shamba.

8. KHATIMA

Na wasikie watoto. Kumstahi baba si kumwacha aangamie kwa adabu. Mtoto amwendee baba yake kabla ya Shaabani kwisha, akae chini ya kiti chake, amwambie kwa upole, "Baba, twende pamoja ukapimwe." Na wakirudi kwa tabibu, aisikie nasaha pamoja naye, ili siku ya bilauri mkono wake usishikwe na mtu. Na wasikie maimamu na wakubwa wa baraza: mzee anayekula mchana wa Ramadhani kwa udhuru asitazamwe kwa jicho la kumdharau, maana jicho hilo huwatia wengi haya mpaka wakaingia kaburini.

Na asikie mzee mwenyewe. Miaka hamsini aliyofunga haikupotea. Imepokewa kuwa mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Basi aliyekuwa akifunga kwa nguvu zake, na leo amezuiwa na maradhi, thawabu ya desturi yake inaendelea kuandikwa hali yeye amelala kitandani na bilauri ya maji iko karibu naye. Ni karimu gani zaidi ya huyu, na ni lipi lingine analolitafuta anayemkatalia zawadi yake?

Mwenyezi Mungu awape wazee wa Kiislamu siha katika miili yao, na ufahamu katika dini yao, na watoto wema wa kuwashika mikono. Awaponye wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na awajaalie waja wake kuwa wenye kuchunga amana zao mpaka siku zitakaporudishwa kwa Mwenyewe.

Wabillahi ttawfiq.